Wiki mbili za likizo, tuwape watoto mdahalo

"Nani bora, mwalimu au daktari?" Mada hiyo niliibishania mwenyewe nikiwa kidato cha pili. Mwaka jana nimeisikia tena bwaloni, Ijumaa mchana, kwa maneno yale yale: daktari kafundishwa na mwalimu, haya, na mwalimu akiugua anakwenda wapi? Makofi, vigelegele, kengele, watu wakatawanyika kwenda kula. Hakuna aliyeuliza "bora" maana yake nini. Hakuna aliyeonyeshwa hoja yake ilivunjikia wapi, wala aliyepewa nafasi ya kusimama tena aiseme vizuri zaidi.

Ni kama ngonjera. Mjinga na mwerevu wanajibizana kwa beti, lakini ubeti wa kwanza haujaisha na umeshajua nani atakubali yaishe. Ngonjera ni sanaa nzuri, naifundisha kwa mapenzi, ila mtunzi wake ameshaamua jambo kabla ya kushika kalamu. Mdahalo unataka wasikilizaji waingie ukumbini hawajui utaishaje.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbeya. Juni iliyopita mimi na walimu wenzangu wawili tuliwachukua wanafunzi 24 wa vidato vya tatu na tano, pamoja na wachache waliomaliza kidato cha nne, tukakaa nao siku 12 kwenye chumba kimoja cha darasa. Kutwa nzima ni mdahalo. Baada ya yale niliyoyaona, naomba wakuu wa shule na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini wakubali likizo itoe wiki mbili kwa kazi hii, hata kama wiki hizo zitakatwa kwenye tuisheni.

Najua nakatia wapi. Kambi za kitaaluma nimezisimamia miaka mingi: mtoto anafanya mitihani ya nyuma mpaka anaota namba za maswali. Zinasaidia kufaulu, sikatai. Lakini mtoto yule yule ukimwuliza kwa nini jibu ni hilo, anatazama chini. Na waliomaliza kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari, kidato cha tano kinaanza Julai. Miezi yote hiyo wako nyumbani, wenye uwezo wanasoma mapema masomo ya tahasusi watakazopangiwa, wasio na uwezo wanauza dukani kwa mjomba kule Mwanjelwa. Wiki mbili haziwezi kukosekana hapo.

Tulianza saa mbili asubuhi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, na Juni yake kila aliyesoma huku anaikumbuka: sweta juu ya sweta, mikono kwapani. Tulikunywa uji kwanza. Wazazi walichanga mchele wa Usangu, maharage na viazi. Watoto wa mbali walilala kwa ndugu zao mjini. Gharama kubwa ilikuwa kuni na madaftari.

Mtindo tuliufuata ule wa mashindano ya dunia ya shule za sekondari, yaliyoanza mwaka 1988 kule Australia. Kila upande una wasemaji watatu, kila mmoja dakika 8, halafu kila upande unapewa dakika 4 za kufunga. Mpinzani anaweza kusimama katikati ya hotuba yako na kuomba kukupa taarifa, kama wabunge wetu Dodoma, isipokuwa katika dakika ya kwanza na ya mwisho. Sisi tulizipunguza dakika 8 kuwa 4, maana mwanafunzi ambaye hajawahi kusema dakika mbili mfululizo bila karatasi ukimpa nane utamtesa bure.

Upande huchagui. Tunarusha shilingi juu, ikianguka ndiyo basi.

Mada ya siku ya pili ilikuwa hii: wakulima wadogo wa Rungwe wang'oe chai wapande parachichi. Binti mmoja anayelelewa na bibi yake, na bibi huyo chai ndiyo iliyomsomeshea watoto wote, shilingi ikamtupa upande wa parachichi. Aligoma. "Mwalimu, siwezi kusimama hapa nikamsema bibi yangu." Machozi yakamlengalenga. Upande wa pili akaangukia kijana wa Njombe ambaye baba yake ana shamba la parachichi aina ya Hass, naye akapewa kutetea chai. Nilifikiri nimeharibu siku.

Hotuba ya kwanza ya yule binti ilikuwa na maneno "dhahabu ya kijani" mara nne. Mwenzangu akamsimamisha: hilo ni tangazo, hoja iko wapi? Akarudia. Safari ya pili akaleta makubaliano ya Novemba 2022 ya kuuza parachichi zetu China. Kijana wa Njombe akasimama na taarifa: makubaliano ni karatasi, kijijini kwenu nani ameshauza huko? Akakwama. Tukamwambia aende akale, arudi jioni na hotuba hiyo hiyo mara ya tatu.

Mchana alimpigia simu bibi yake Tukuyu. Jioni aliposimama hakutaja China wala dhahabu. Alisema chai haisubiri. Ukichelewa kuchuma jani linakomaa na kiwanda hakilitaki. Kwao wachumaji walikuwa sita. Sasa vijana wameingia mjini na kwenye bodaboda, aliyebaki ni bibi mwenye miaka zaidi ya 70 na tenga mgongoni. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwambia: chai naipenda, mikono ndiyo imekataa. Parachichi lina msimu wake, watu wa kuvuna unaweza kuwakodi siku mbili. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Kijana wa Njombe akajibu vizuri vilevile, kwamba chai inaleta hela kidogokidogo mwaka mzima na ada ya shule haingoji msimu, jambo ambalo kwao analiona kila Januari. Hakuna kati yao aliyekuja asubuhi na hoja hiyo. Imetoka kwenye kurudia, na kwenye kulazimika kuyatazama mambo kutoka ng'ambo ya mto.

Kurudia ndiko ninakokutetea hapa kuliko jambo lolote. Mdahalo wa Ijumaa unampa mtoto nafasi moja kwa muhula, akikosea amekosea, akipata makofi anadhani amepatia. Kwenye siku zile 12 kila mwanafunzi aliyekaa mpaka mwisho alisimama zaidi ya mara 30. Hotuba ya kujibu hoja tulimtaka mtu airudie saa ile ile aliyoimaliza, huku kosa lake likiwa bado la moto. Tuliwafundisha kukunja karatasi safu nne na kuandika kila hoja ya mpinzani kwenye safu yake, jibu likiandikwa pembeni, ili safu yenye nafasi tupu ikuonyeshe ulichokikimbia. Huwezi kuyafanya hayo kwenye kipindi cha dakika 40. Ndiyo maana nasema likizo.

Marekani desturi hii ni ya siku nyingi. Chuo Kikuu cha Northwestern kimekuwa kikipokea wanafunzi wa sekondari kila majira ya joto tangu miaka ya 1930, na vyuo vingine kama Michigan na Dartmouth vina mafunzo ya mdahalo ya wiki kadhaa. Aina moja ya midahalo yao hutumia mada moja mwaka mzima, kwa hiyo likizo inakuwa ya utafiti. Hilo tuige. Lakini si kila kitu. Kule wapo wanaosema maneno zaidi ya 300 kwa dakika ili wawazidi wapinzani kwa wingi wa hoja, na mtu wa kawaida akiketi hapo haambulii kitu. Sitaki mtoto wa Mbozi ajifunze kusema asichoweza kukielewa baba yake. Na ada za kule ni maelfu ya dola. Mtoto wa maskini hafiki bila msaada.

Siku ya nne baba mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alinifuata getini. "Mwalimu, mwanangu nimekuletea afundishwe ubishi?" Nilimwamkia, nikamkaribisha akae nyuma ya darasa. Swali lake ni la haki. Sisi tunamwita mbishi mtoto anayejibu wakubwa, na mbishi hapewi sifa.

Lakini mbishi hamsikilizi mtu, na kwenye mdahalo asiyesikiliza anashindwa mapema. Zaidi ya hapo, jambo hili halikuja na meli. Zamani Wanyakyusa waliwaacha wavulana, tangu wakiwa na miaka kama kumi, wajenge kijiji chao wenyewe walale huko pamoja, wakirudi kula kwa mama zao. Wana neno, ukwangala: kukaa na wenzako, mkala, mkazungumza. Wazee waliamini akili, amahala, mtu anaipata kwenye mazungumzo ya namna hiyo na wa rika lake. Wasichana hawakuwa na vijiji hivyo, na hilo tunaweza kulirekebisha. Katika 24 wetu, 13 walikuwa wasichana. Yule baba alikaa mpaka saa kumi. Kesho yake alileta debe la viazi.

Kuhusu lugha nitasema kwa kifupi ingawa ndiyo inayoniuma zaidi. Siku nane za kwanza tulizungumza Kiswahili tu, nne za mwisho Kiingereza. Walimu wengine walinilaumu, kwa sababu mdahalo mashuleni umegeuzwa kuwa zoezi la Kiingereza na anayeshinda ni mwenye matamshi. Niliowaona mimi, waliposimama kwa Kiingereza siku ya tisa, walihangaika na maneno lakini hoja walikuwa nayo mkononi. Kabla ya hapo walikuwa na maneno ya kukariri bila hoja.

Tulikosea pia. Wanafunzi wawili waliondoka siku ya tatu na hawakurudi. Niliwasahihisha mbele ya wenzao kwa ukali, siku ambayo walikuwa bado hawajazoeana na mtu. Nilikwenda nyumbani kwa mmoja wao kuomba radhi. Tangu siku hiyo makosa ya hotuba ya kwanza tuliyasema pembeni, mtu na mwalimu wake, na hadharani tukasahihisha kuanzia ya pili.

Kwa hiyo ombi langu kwa mkuu wa shule yeyote wa Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa ni dogo: chumba chenye ufunguo, ubao, na walimu wawili waliokubali kukosa likizo. Wasiwe zaidi ya wanafunzi 30, la sivyo hakuna atakayerudia. Mada zitoke kwenye wilaya yenu.

Sisi tunarudi Desemba. Mada ya kwanza ni kama malori yaendayo mpakani Tunduma yazuiwe kupita katikati ya jiji la Mbeya mchana. Yule binti wa Tukuyu ameshaniandikia kuuliza yuko upande gani. Nimemjibu shilingi itarushwa Jumatatu, saa mbili na robo, baada ya uji.