Tusiwazibe mdomo watazamaji wetu

Kila nikirudi Dar es Salaam likizo nasikia kauli ileile kutoka kwa watu wa sanaa ninaowaheshimu: watazamaji wetu hawana adabu, wanajibizana na waigizaji mchezo ukiendelea, waige Ulaya ambako watu hukaa kimya. Mimi naishi London, napenda sana michezo ya kuigiza, na kauli hiyo inaniuma. Kimya wanachokitamani nakijua, maana nakaa ndani yake.

Waingereza niwape haki yao. Mchezo wa kuchekesha kwenye kumbi za West End, mtaa wa maonyesho makubwa ya London, huandaliwa kwa uangalifu ambao wasanii wetu wengi hawana fedha wala muda wa kuufikia. Mwigizaji akishatoa neno la kuchekesha, anatulia kicheko kipande, na kinapoanza tu kushuka anaingiza mstari unaofuata. Hakuna neno linalopotea. Ufundi huo ni mkubwa.

Lakini ukumbi uko gizani, nawe unacheka huku ukitazama visogo vya watu. Giza hilo halikuwepo tangu mwanzo. Lilizoeleka mwishoni mwa karne ya 19, taa za gesi na umeme zilipowezesha kuzima upande wa watazamaji. Mtazamaji akageuka mtu wa kupokea tu. Anacheka pale alipopangiwa kucheka. Nimewahi kuchelewa kumaliza kicheko changu, mama mmoja wa mbele akageuka kunitazama. Hakusema kitu. Kilichobaki nikakimeza.

Nimekulia Dar ya miaka ya 1990, vikundi vya sanaa vya Muungano na Tanzania One Theatre vikigombea mashabiki. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, taarab, na humohumo kichekesho. Kikianza, nani angekubali kunyamazishwa? Mume anaficha pesa chini ya godoro, mama wa safu ya pili anamtonya mke: "Shoga, ziko chini ya godoro!" Mke anamgeukia: "Kumbe nawe umeziona, dada yangu?" Hapo mchezo umeshaacha njia ya mazoezini. Mume inabidi ambembeleze yule mama asiendelee kutoa siri, ukumbi mzima unamkatalia, na mtu anainuka kwenda kumtunza mke kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Unagongeana viganja na jirani usiyemjua hata jina. Kumjibu mtazamaji papo kwa papo bila kuipoteza hadithi ni kipaji, na waliokinoa ni watazamaji haohao tunaotaka leo kuwafunza adabu.

Hapa London nimeuona ukumbi wa namna hiyo pia. Mwaka 2012 jumba la maonyesho la Globe liliandaa tamasha la michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, na Kiswahili kikapewa The Merry Wives of Windsor. Waigizaji wa Kenya waliucheza wakiwa na Mrisho Mpoto wetu, mghani wa mashairi kutoka Tanzania, naye ndiye Falstaff, jitu la kitambi linalowatongoza wake za watu wawili kwa barua zilezile. Globe imejengwa kwa kufuata majumba ya enzi za Shakespeare: katikati hapana paa, mamia ya watu husimama miguuni pa jukwaa, na mwigizaji anaziona nyuso zao. Maandishi ya Kiingereza kwenye skrini yalitoa muhtasari wa tukio tu, si kila sentensi. Kwa hiyo kicheko kilianzia kwetu tunaojua Kiswahili. Waingereza walitutazama kujua kulikoni, wakacheka kwa sababu sisi tumecheka, kisha wakacheka kwa sababu wameelewa. Tulipiga kelele kama tuko Kinondoni, na hakuna aliyegeuka kutukanya.

Na Waingereza wenyewe wanajua kupiga kelele. Kila Krismasi wana pantomimu, mchezo wa kuchekesha wa familia nzima: babu na mjukuu wanamzomea mtu mbaya na kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake. Januari ikipita, kelele inawekwa kabatini.

Sisemi kila kelele ni njema. Anayepokea simu katikati ya mchezo ametoka mchezoni, hata kama bado amekaa kwenye kiti. Anayemtonya mke yumo. Hao wawili wasihukumiwe pamoja. Na kweli, nyumbani bado tunacheka mno lafudhi ya mtu au kimo chake, jambo linalonikera, ila hilo ni la mwandishi kurekebisha. Kumnyamazisha mtazamaji hakutalitibu.

Kama ni kuiga, kuna jambo moja la London ningependa lifike Dar. Kabla ya waandishi wa habari kualikwa, mchezo mpya huonyeshwa kwanza siku kadhaa mbele ya watazamaji, mara nyingi kwa tiketi za bei nafuu, na vichekesho visivyochekesha vinafutwa au kuandikwa upya. Mwongozaji wetu anaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa: awaite majirani mazoezini, kina mama wa mtaani, bodaboda wa kijiweni, taa za ukumbi ziwake, na waigizaji wazoee kujibiwa mapema.