Kurekodi Barabarani ni Haki, Kusambaza ni Kesi Nyingine

Kenya haina sheria inayopiga marufuku kamera za dashibodi. Hilo tulitangulize, maana kila video ya ajali ya Thika Road ikisambaa, hawakosi wa kudai kwamba aliyerekodi ndiye mkosaji. Hata hivyo, wenye wasiwasi wana hoja. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi.

Wenye magari hujikinga kwa msamaha uliomo katika sheria hiyo hiyo: anayeshughulikia data kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu habanwi. Wapinzani hujibu kwamba barabara si sebule. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyotoka Jamhuri ya Cheki, kwamba kamera ya nyumbani inayomulika njia ya umma haiwezi kuitwa shughuli ya nyumbani tu. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini sheria yetu inafanana sana na ya Ulaya, na wakili yeyote makini atautaja.

Mimi sioni kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Kamera ya lango humwona jirani yule yule kila siku. Ya gari hupita tu, tena hujifuta: hurekodi vipande vya dakika chache, na kadi ikijaa, kipya hukalia cha zamani kabisa. Kinachobaki ni kile ambacho kihisi kilikifunga kisifutwe gari lilipogongwa. Wengi wanaopita mbele ya kamera hufutika bila kutazamwa na yeyote.

Faida yake ni kubwa. Gusana na bodaboda pale Pangani uone. Dakika mbili hazijaisha umezingirwa na waendeshaji wenzake, kila mmoja shahidi, hata aliyefika baada ya kishindo. Dereva asiye na video hulipa papo hapo kwa simu, hata kama hana kosa, kwa kuhofia gari kuchomwa. Mwenye video anaweza kuipeleka kituoni, kwa bima na hata kortini, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki. Lakini kifungu cha 106B kinadai cheti kinachoeleza rekodi ilivyopatikana na kifaa kilichotumika. Hapo wengi hukwama: kadi imeachwa garini hadi kipande kikafutika, au saa ya kamera haikuwahi kurekebishwa na video inaonyesha mwaka mwingine kabisa.

Ugumu wenyewe uko kwenye kusambaza. Machi 2022, waendeshaji bodaboda walimshambulia dereva mwanamke katika barabara ambayo wengi bado huiita Forest Road. Video ilisambaa, serikali ikaamuru msako, watu wakakamatwa. Video hiyo hiyo ilipeleka udhalilishaji wa mama yule kwenye simu za nchi nzima. Ushahidi ulihitajika, lakini wapelelezi wangeweza kuupata bila sote kumtazama akidhulumiwa.

Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza kilabu cha Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilichoadhibiwa ni kuchapisha.

Wapo watakaosema faili hulala kituoni mpaka mtandao upige kelele. Ni kweli, na inauma. Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi na polisi katikati ya jiji la Nairobi mbele ya kamera, na picha zile ndizo zilizoufanya ukweli ushindwe kupindwa. Afisa wa polisi aliye kazini hana faragha ya kumficha asionekane akitumia nguvu za dola. Hapo maslahi ya umma yanazidi, na kuchapisha naona ni halali kabisa. Lakini mwenye mkokoteni aliyeingia kwenye picha kwa bahati mbaya hana la kujibu kwa umma. Uso wake ufichwe.

Lipo jambo ambalo wanunuzi wa kamera hizi hawaulizi dukani: sauti. Nyingi zina maikrofoni. Abiria wa teksi kutoka Westlands hadi Embakasi ataongea na daktari, na mwenye nyumba, na mkewe, na yote yataingia kwenye kadi. Kifungu cha 31 kinataja wazi faragha ya mawasiliano, na dereva aliye kazini hawezi kudai kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Madereva wa usiku huporwa, kwa hiyo kamera ya ndani wanaihitaji kweli. Basi wazime sauti, na wabandike tangazo mahali abiria atalisoma kabla ya kufunga mlango.