Geti valvu ya bronzi kwenye maji ya chumvi

Anayejenga Dar es Salaam au Zanzibar akitegemea kisima cha maji ya chumvi hufika kwenye ubishi huu: koki kuu ya nyumba iwe geti valvu ya bronzi au boli valvu, ile inayofunga kwa tufe lenye tundu? Fundi mzee atakwambia ya kwanza, kijana ya pili, na wote wana hoja.

Geti valvu hufunga kwa kabari inayoshushwa na spindo, yaani fimbo ya kuzungushwa, mzunguko baada ya mzunguko. Uzuri wake uko hapo. Maji yanayokwenda kasi yakikatwa ghafla, kama mtu anapovuta mkono wa boli valvu kwa mara moja, hugonga bomba kama nyundo na kulegeza viungo. Tena ikivuja shingoni unakaza nati au unaweka pakingi mpya (kizibo kinachozunguka spindo), bila kuing'oa valvu. Kwenye bomba la mvuke sina shaka nayo kabisa: kabari na kiti chake vyote ni metali, ilhali boli valvu ya kawaida hukalia tefloni, aina ya plastiki ambayo joto kali huilainisha.

Lakini koki kuu ya nyumba huenda isiguswe mwaka mzima. Geti valvu ikikaa wazi muda wote huo, ukoko wa chokaa hujaa kwenye mkondo wa kabari, na siku bomba limepasuka haishuki mpaka chini. Wapo pia wanaoiacha nusu wazi ili kupunguza maji. Kabari hutikisika, maji huikwangua, na baada ya hapo haifungi tena sawasawa. Boli valvu, robo mzunguko tu imefunga, na ukiutazama mkono wake unajua iko wazi au la.

Kwa bomba la inchi moja na kushuka, mimi nachagua boli valvu. Ila nyingi za madukani ni za brasi, yaani shaba na zinki, na zinki ndiyo chakula cha maji ya chumvi. Huliwa taratibu, ikabaki shaba yenye vitundu, nyekundu, inayovunjika kama biskuti. Bronzi ya valvu kwa desturi ni shaba asilimia 85, bati 5, risasi 5 na zinki 5, kwa hiyo hustahimili zaidi. Angalia spindo vilevile: mwili waweza kuwa bronzi na spindo brasi, ikakatika ndani.

Hiyo risasi, metali yenye sumu, nayo haipendezi kwenye maji ya kunywa. Marekani, tangu Januari 2014, vifaa vya maji ya kunywa havitakiwi kuzidi wastani wa asilimia 0.25 ya risasi kwenye sehemu zinazogusa maji. Zipo bronzi zisizo na risasi, ghali zaidi, nami ningelipa tofauti hiyo kwa bomba la jikoni kabla ya kununua marumaru za bafuni.

Ukienda dukani beba sumaku na tupa ndogo. Sumaku ikinasa kwenye mwili wa valvu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Piga tupa mahali pasipoonekana: njano inayong'aa ni brasi, wekundu wa hudhurungi huelekea bronzi. Ukipata boli valvu ya bronzi, chukua. Ukikosa, chukua geti valvu ya bronzi, uifunge na kuifungua kila baada ya miezi michache ili kabari isishike.