Acheni kucheka kwenye korido

Huku Bukavu, mwiba wa samaki ukimkwama mtu kooni, mezani wote wanageuka madaktari: meza tonge la bugali bila kutafuna, kunywa maji, mpigeni mgongo. Mwiba huohuo ukimkwama kule chini, karibu na njia ya haja kubwa, anabaki peke yake.

Na hukwama kweli. Vitu vingi tunavyomeza kwa bahati mbaya, kama sarafu au kifungo, hupita na kutoka vyenyewe. Lakini mwiba wa tilapia au kipande cha mfupa wa kuku kinaweza kupita utumbo wote salama, kisha kikalala mkingamo pale mwisho, juu tu ya misuli inayofunga njia. Kinachoma nyama, panatunga usaha. Mtu anakalia tako moja, anajiambia ni bawasiri, ananunua dawa ya kupaka. Hata mbegu za mapera, zikiliwa kwa wingi, huweza kushikamana humo zikawa donge gumu.

Kuna pia vitu vilivyoingilia huko huko chini, na hapo ndipo minong'ono huanza. Sababu hainihusu. Muuguzi naye anahitaji kujua mambo mawili tu: ni kitu gani, na kimekaa tangu lini.

Jirani yangu mmoja wa Kadutu, mzee mwenye wajukuu, alivumilia mwiba huko chini hadi homa ikamwangusha. Kwenye kituo cha afya alijieleza kwa sauti ya chini. Aliyempokea akarudia kwa sauti ya juu huku akicheka, korido nzima ikageuka. Mzee akaaga kwa heshima, akarudi nyumbani, ambako dada yake alikuwa ameshamwandalia lavema, yaani dawa ya maji ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, ya tangawizi na pilipili. Pilipili, jamani, kwenye kidonda chenye mwiba! Utumbo ukitoboka, uchafu unamwagika tumboni, na hapo ni kupasuliwa. Bahati yake, mwanawe alikataa akampeleka kwingine: kidole chenye glavu, ganzi, koleo, mwiba ukatoka, usaha ukakamuliwa.

Kituo kisicho na fedha za mashine kinaweza angalau kutundika kitenge kiwe pazia.

Nawe unayeumwa huko nyuma, ukiona damu, homa au tumbo kukakamaa, usinywe dawa ya kukufanya uharishe, usijichokonoe, nenda leo. Mtu akikucheka, muulize jina lake, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.