Ulimwengu wa Mchezo: Ujengwe Kabla ya Kikao au Ukulie Mezani?

Katika michezo ya kuigiza uhusika inayochezwa mezani, mtu mmoja huwa mwendeshaji, na wenzake, mara nyingi watatu hadi sita, kila mmoja hujichukulia mhusika wake. Mwendeshaji hueleza mahali walipo na nani amesimama mbele yao, wachezaji husema wanafanya nini, na dadu huamua pale ambapo matokeo hayajulikani. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia hii, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na kumwachia kila mwendeshaji kazi ya kubuni ulimwengu wake mwenyewe. Hapo ndipo ulipozaliwa ubishi ambao haujaisha: ulimwengu huo uandaliwe kiasi gani kabla watu hawajaketi?

Wapo wanaoanza juu. Huchora mabara, hupanga miungu, huandika kalenda na nasaba za wafalme, kisha ndipo huwaita marafiki. Wengine huanza chini kabisa: kijiji kimoja, hatari moja iliyo karibu, uvumi wa hapa na pale, basi. Yaliyobaki yatajitokeza wachezaji wakianza kuuliza. Katika ushauri unaotolewa siku hizi, hawa wa pili ndio wanaosikika zaidi. Mchezo wa Apocalypse World uliotoka 2010 ulimwagiza mwendeshaji acheze ili ajue kitakachotokea, na Dungeon World wa mwaka 2012 ukaliweka wazi zaidi jambo hilo kwa kuagiza kuwa ramani ichorwe na mapengo yaachwe.

Naielewa hoja yao na sehemu kubwa naikubali. Kwanza kuna suala la nguvu. Mwendeshaji ana kazi, ana watoto, ana safari za jioni kwenye foleni, na muda anaoutumia kuandika vita vya miaka elfu moja iliyopita ni muda ambao hakuutumia kufikiria kikao cha Jumamosi. La pili ni zito zaidi: anayeujenga ulimwengu kwa miaka huanza kuulinda. Mchezaji akitaka kuichoma ikulu, mwendeshaji anatafuta sababu ya moto kutoshika. Hapo wageni wa meza wamegeuzwa watalii, wanaonyeshwa majengo na kuambiwa wasiguse.

Historia yenyewe inawapa ushahidi. Greyhawk, ulimwengu wa Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo ule wa 1974, ulianza mwaka 1972 kama mahandaki chini ya ngome iliyobomoka, na walioshuka humo mwanzo ni watoto wake, Ernie na Elise. Kwanza yalikuwepo mahandaki, mji ukaja baadaye, na ulimwengu wenyewe haukuchapishwa hadi 1980. Upande wa pili yuko Ed Greenwood wa Kanada, aliyeanza kuandika visa vya ulimwengu wake wa kubuni, Forgotten Realms, utotoni, miaka ya 1960, kabla ya mchezo wowote wa aina hii kuwepo. TSR, kampuni iliyochapisha mchezo ule wa 1974, iliuchapisha ulimwengu wake mwaka 1987. Ungedhani basi huu ni ushindi wa wajenzi wa juu. Lakini Greenwood mwenyewe ameeleza kwamba kiu ya wachezaji wake ya kutaka kujua kila kitu ndiyo iliyoufanya ulimwengu huo uwe ulivyo. Naye pia, pamoja na kuanza mapema vile, alikuwa akijibu maswali ya watu waliokaa mbele yake.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo watetezi wa mapengo huyapita haraka mno.

La kwanza ni haki ya mchezaji. Chukua mauaji ya mfanyabiashara kwenye mji wa bandari. Mchezaji anahoji mashahidi, analinganisha maneno yao, anakumbuka kwamba nahodha alisema alikuwa baharini usiku ule ilhali maji yalikuwa yametoka na hakuna chombo kingeweza kuondoka. Akili yake yote inashika kitu kimoja tu: kwamba muuaji yupo, na alikuwepo kabla ya swali lake la kwanza. Kama mwendeshaji hajaamua ni nani, na anangoja kuona ni dhana ipi itampendeza, basi hakuna kilichogunduliwa. Ni hivyo hivyo na njia panda. Wachezaji wakisikia nyayo za zimwi upande wa kushoto wakaamua kwenda kulia, halafu zimwi lile lile likahamishwa likawasubiri kulia, uamuzi wao umefutwa bila wao kujua. Wengine wanasema kisichojulikana hakiumizi. Mimi siamini hivyo. Watu wanaocheza pamoja kwa mwaka mzima hunusa mambo, na siku wakijua kwamba njia zote huishia pahali pamoja, wanaacha kupima njia.

Wanaobuni papo hapo wana jibu, na ni jibu la heshima: kwenye meza zao wachezaji wote wanajua na wamekubali kwamba hadithi inatafutwa pamoja, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Sawa. Nao huandaa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Apocalypse World wenyewe humtaka mwendeshaji aandike vitisho vinavyowazunguka wahusika na kila kimoja kinataka nini. Kinachoachwa wazi ni matukio, wakati nia za watu zimeshawekwa.

La pili ndilo linalonigusa zaidi, na silioni likijadiliwa sana. Pengo huwa halikai tupu. Mchezaji akiuliza ghafla, "Usiku huu tunalala wapi?", mwendeshaji ana sekunde mbili. Katika sekunde hizo atashika kilicho karibu, na kilicho karibu, kwa yeyote aliyelelewa na vitabu vya sheria za michezo hii na michezo ya kompyuta, ni nyumba ya wageni ya mbao, moto wa kuni ukutani, mwenye nyumba mnene na bia kwenye vikombe vya mti. Mwendeshaji wa Mombasa au Mwanza ambaye hajawahi kuingia nyumba ya namna hiyo atawapeleka wachezaji wake humo, na kesho yake kwa mfalme mwenye taji na mashujaa wa farasi. Hakuna ubaya kuipenda Ulaya ya zamani ya kubuni. Imewapa watu furaha nyingi. Ila hapa hakuichagua, ilikuja yenyewe kwa mazoea. Anayetaka ulimwengu usiofanana na mwingine hana budi kufikiri mapema, mahali ambapo mazoea yana nguvu zaidi: malazi, chakula, sheria, fedha, mamlaka.

Na kufikiri mapema hakumaanishi kurasa mia. Sababu moja nzito inatosha kuzaa mambo mengi. Angalia upepo wa mwambao wetu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na kati ya hapo mgeni alingoja apende asipende. Mtu anayekaa miezi kwenye mji wa watu anahitaji mahali pa kulala, mtu wa kumdhamini, ghala analoliamini, na pengine mke. Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka 1331, alieleza namna ilivyokuwa Mogadishu: chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua ndogo wakiwa na sinia za chakula zilizofunikwa, kila mmoja akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Kuanzia hapo mgeni hushukia kwa huyo mwenyeji, naye ndiye humuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwake kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia bila mwenyeji kuwepo, biashara yake haikutambuliwa.

Sasa rudisha swali la mchezaji. Wanalala wapi? Kwa mwenyeji aliyewapokea bandarini. Mara moja wana deni la heshima, wana mtu wa kuwatetea na wa kuwasaliti, na hawawezi kuuza upanga waliouokota kisiwani bila yeye kujua. Yote hayo yametoka kwenye sentensi mbili kuhusu upepo na desturi. Si lazima iwe pwani. Mlima wenye chumvi upande mmoja na maji upande wa pili ungezaa mengi vile vile, mradi mwendeshaji amekaa nayo kidogo akajiuliza nani anamtegemea nani.

Yanayobaki, naona, yaachwe: nasaba, mabara ya mbali, miungu ambayo hakuna mhusika anayeiabudu. Na yako mapengo ya kuachwa kwa makusudi kwa sababu aliyeketi mezani anajua kuliko mwendeshaji. Mchezaji ambaye ni muuguzi asimulie hospitali ya watawa inavyofanya kazi usiku. Aliyekulia kwa wavuvi aamue samaki gani hawaliwi msimu gani. Microscope, mchezo wa Ben Robbins wa mwaka 2011, umebuniwa kwa ajili ya kundi zima kutunga historia ndefu pamoja, na baadhi ya meza huutumia kabla ya kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja, kuanza. Hata Glorantha, ulimwengu ambao Greg Stafford alianza kuutunga mwaka 1966 na wenye hekaya nyingi kiasi cha kumtisha mgeni, una kanuni inayorudiwa na wapenzi wake: Glorantha ya meza yako itatofautiana na ya wengine.

Linalobaki gumu ni siku daftari na meza vinapogongana. Kwangu, kilichosemwa mezani mbele ya wote ni kweli, hata kama daftari linasema vingine, isipokuwa kwa siri ambazo wachezaji wanazitafuta. Mchezaji akisema bibi yake alizaliwa kwenye kisiwa ambacho niliandika hakikaliwi na watu, kisiwa kinapata watu jioni ile ile, na kabla ya kikao kijacho natafuta jinsi walivyofika huko na wanakunywa maji gani. Lakini akisema kwa uhakika wote kwamba mwenye ghala ndiye aliyemuua mfanyabiashara, na kumbe ni nahodha, anabaki kuwa nahodha.