Kazi ya mwenyewe na kazi ya fundi: fowili kuukuu katika hewa ya chumvi

Hoja ya wanaosema kwamba mwenye fowili kuukuu, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, alitengeneze gari lake mwenyewe ina uzito wa kweli, na haifai kupuuzwa hata na sisi ambao tumewahi kutoka chini ya gari tukiwa na grisi hadi kwenye nyusi na kazi bado haijaisha. Magari haya yaliundwa na watu waliojua kwamba yataharibikia mahali pasipo na gereji. Land Rover ilipooneshwa hadharani mara ya kwanza, mjini Amsterdam mwaka 1948, ilikusudiwa wakulima. Bodi yake ilikuwa ya mabati ya alumini yaliyofungwa kipande kwa kipande, ili kilichobonyea kifunguliwe na kingine kifungwe mahali pake. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizotoka mwaka 1984, zilifuata mwendo huohuo kwa chuma kizito zaidi. Niliyo nayo mimi ni pikapu ya mwaka 1993 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta. Ukiipa dizeli safi, hewa, na betri yenye nguvu ya kuiwasha, haikudai jambo jingine.

Spea nazo zinaiunga mkono hoja hiyo. Injini ya 1HZ imekuwa ikifungwa katika magari kwa zaidi ya miaka 30, na pikapu za ukoo huo huunganishwa hapahapa Mombasa, kwa hivyo filta, sili za kuzuia mafuta yasivuje na beringi zake hupatikana Mwembe Tayari bila kuagiza ng'ambo. Kumtafuta mrithi wa gari lenyewe ndiko kugumu, kwa sababu kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na fowili za zamani zilizobaki nchini ndizo hizihizi tunazoziona zikipanda feri ya Likoni. Mwenye gari la aina hii analitunza kwa kuwa analipenda, na pia kwa kuwa likimfia hatapata jingine kama hilo.

Upande wa pili unasema: mwachie fundi. Husemwa kwa namna mbili, na moja naiona dhaifu. Hiyo ni ile ya kwamba anayejitengenezea gari anamnyima fundi riziki yake. Nionavyo mimi, mwenye gari anayejua sili ni nini humletea fundi kazi ya maana na halalamiki akitajiwa bei, kwa kuwa anafahamu kazi yenyewe ni ya saa ngapi. Namna ya pili ndiyo yenye nguvu, nayo ni kwamba mikono ya fundi imeshika magari mia, na ya mwenye gari imeshika moja tu.

Hilo nililijua kwa gharama. Mwaka juzi nilifungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele ya kulia uani kwetu nikabadilisha beringi zote mbili zinazoiwezesha kuzunguka. Nilizijaza grisi kwa kiganja kama kitabu kinavyoagiza, ukiikandamiza beringi juu ya fungu la grisi mpaka itokeze upande wa pili. Iliyobaki ilikuwa nati ya kurekebisha. Unaikaza, unaizungusha habu kwa mkono ili beringi zikae, unailegeza, unaikaza tena kidogo sana, kisha unafunga mizani ya springi kwenye bolti ya gurudumu na kuivuta. Habu inapaswa kuanza kuzunguka mizani ikisoma kati ya kilo 3 na 6 hivi. Mimi sikuwa na mizani. Nilikaza kwa kukisia, na anayeogopa gurudumu lisije likachezacheza hukaza kupita kiasi. Tulipofika Samburu, tukielekea Voi, tulisikia harufu ya grisi inayoungua. Habu ya kushoto ilikuwa vuguvugu. Ya kulia haikushikika. Kijana mmoja mwenye kibanda cha gereji kando ya barabara aliinua gurudumu kwa jeki, akalisukuma mara moja, akaniangalia.

"Ami, umeikaba mno hii."

Hakuwa na mizani wala kitabu. Alipoichomoa beringi ya nje ilikuwa imegeuka rangi ya samawati, nayo nilikuwa nimeinunua wiki ileile. Bahati nilikuwa na zile za zamani ndani ya mfuko, akaosha moja kwa dizeli, akaifunga, akaikaza nati huku kiganja chake kimetulia juu ya habu kama anayempima mtoto homa, akasema basi. Tulirudi Mombasa polepole, na habu haikupata moto tena.

Wapo watakaosema kisa hiki kinamaliza ubishi. Mimi naona hakiumalizi. Wiki iliyofuata nilinunua Marikiti mizani ya kuning'iniza, ya namna wanayotumia wauza samaki, na tangu hapo nimefunga habu zote mbili mwenyewe na hakuna iliyonisumbua. Kiganja cha yule kijana na mizani yangu vinapima kitu kimoja. Jambo lililonikaa akilini ni jingine: kosa langu lilijitangaza. Lilitoa harufu, likatoa moto, likanipa nafasi ya kusimama. Lilinigharimu beringi moja na mchana mzima.

Sasa lilinganishe na belti ya taimingi ya injini hiyohiyo, inayolinganisha mwendo wa valvu na wa pistoni, ambayo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kuifikia ni rahisi kuliko kuifikia beringi ya habu: unaondoa feni na belti zake, unafungua kifuniko cha mbele, unalinganisha alama, unavua ya zamani na kuvika mpya. Mtu makini aliye na seti ya soketi anaweza kuimaliza asubuhi moja. Lakini ukikosea alama kwa meno machache, au belti yenyewe ikiwa feki, haitakuonya kwa harufu. Ikikatika ukiwa mwendoni, pistoni hugonga valvu, na kutoka hapo mnazungumzia kufungua silinda hedi. Kwa hivyo kugawa kazi kwa kigezo cha ugumu, yaani nyepesi zangu na ngumu za fundi, ni kugawa vibaya. Naona kinachofaa kuulizwa kwanza ni kama kosa litajionesha kabla ya hasara au litajionesha pamoja nayo.

Kigezo hiki nacho kina kasoro. Kumpa fundi belti hakuondoi hatari, kunaihamisha tu kutoka mikono yangu hadi mikono yake, na wapo mafundi wanaofunga belti ya zamani tena kwa sababu "bado iko sawa." Ndiyo maana belti nampa fundi, nainunua mimi, na nakaa palepale mpaka nizione alama zimelingana kwa macho yangu. Breki nazo zinakipa kigezo mtihani. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishafyonza maji kiasi huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi, na anayeteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate akiwa na mzigo na mafuta ya miaka sita anaweza kuukuta mguu wake umefika sakafuni. Breki ni jambo la uhai, na mtu angedhani zote ni za fundi. Hata hivyo, kubadilisha mafuta yake kila baada ya miaka miwili ni kazi ya watu wawili, chupa moja na kipande cha mpira, na hewa ikibaki ndani pedali itakuambia gari likiwa bado uani. Hiyo naifanya mwenyewe. Mabomba ya chuma na mipira ya silinda za breki namwachia fundi.

Mpaka hapa nimezungumza kama wanavyozungumza wote, kana kwamba gari ni injini na vinavyozunguka. Hapa ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Mombasa injini hizi hazitangulii kufa. Nimeona 1HZ zikiondolewa zikiwa nzima katika magari yaliyovunjika migongo, yaani chasisi imelika mpaka gari haliwezi tena kubeba uzito wake. Kinachoua fowili hapa ni chumvi, na chumvi haina fundi. Hakuna anayepeleka gari gereji akasema, "Niangalieni chumvi."

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Kusi inapovuma kuanzia mwezi wa Aprili, mrusho wake hufika ndani kuliko watu wanavyodhani. Asiyeamini apitishe kidole kwenye kioo cha gari lililolala Nyali usiku mmoja kisha akilambe. Chasisi ya fowili ni sanduku refu la chuma lenye matundu ya kutolea maji. Tope la Kwale huingia ndani na kuyaziba, kisha hushikilia unyevu wenye chumvi dhidi ya chuma kwa miezi, na rangi ya nje inabaki inang'aa. Methali ya ufa na ukuta hupendwa sana gereji, lakini inadhani ufa unaonekana. Katika Land Rover kuna la ziada: mahali alumini inapogusana na chuma na maji ya chumvi yakapenya katikati, vyuma hivyo viwili huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe ukisukuma rangi chini ya mlango, basi ndio huo.

Dawa ni ya kuchosha na haina sifa. Kila baada ya wiki mbili, na kila siku ambayo gari limeshuka mchangani kuvuta boti, sehemu ya chini huoshwa kwa maji matamu, matundu ya chasisi huzibuliwa kwa waya, nipeli (vichuchu vya kuingizia grisi) za propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumuni, hupigwa grisi mpaka ya zamani itoke. Nasema maji matamu kwa kusudi. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na nilikaa miaka kadhaa nikiosha gari kwa maji ya kisima cha nyumbani, yaani nikiondoa chumvi kwa chumvi. Maji ya bomba yatokayo chemchemi za Mzima huja kwa zamu, kwa hivyo sasa ninakinga ya mvua za masika kwenye tangi na kuyawekea gari. Wake kwa waume nyumbani wana maoni yao juu ya jambo hilo, na si yote ninayoweza kuyaandika. Maji hayo hayo ya kisima, kwa sababu hiyohiyo, hayafai kuingia kwenye rejeta.

Baada ya kuosha, wengi hupulizia oili chafu iliyochanganywa na dizeli, na hapa ubishi ni wa haki. Wanaoipenda wanasema ni ya bure na chasisi zao zinaishi. Nimezikagua mbili tatu na sina la kuwapinga kuhusu chuma. Lakini mpira wa asili huvimba na kulainika ukikaa katika mafuta kama hayo, na bushi za springi, viungio na mipira ya breki vyote viko hukohuko chini. Tena kinachodondoka huingia ardhini, na katika kisiwa hiki kilichokaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, kinachoingia ardhini kinakwenda kisimani. Mimi hutumia nta ya kuzuia kutu ndani ya chasisi na grisi nzito nje. Inagharimu zaidi, na sitamcheka asiyeweza.

Gharama nyingine ya kujifanyia kazi ni mwili. Uani kwetu ni mchanga, na jeki juu ya mchanga huzama bila kelele. Siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Huweka ubao mpana, juu yake stendi za chuma, na situmii matofali, kwa sababu tofali hubeba na kubeba kisha hupasuka mara moja. Miaka yangu sasa inahesabika vizuri zaidi nikiwa nimelala chali pale chini, na najua ipo siku nitamlipa kijana azibue matundu yale. Lakini atakuwa anafanya nilichomwonesha, kwa sababu fundi huliona gari langu mara mbili au tatu kwa mwaka, nalo kutu halipumziki siku nyingine zilizobaki.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikigonga chasisi kwa mpini wa bisbisi, sentimita kwa sentimita, kama nifanyavyo kabla ya kusi. Nyuma ya kishikizo cha springi ya kushoto sauti ilibadilika, ikawa butu. Nikageuza bisbisi, nikasukuma ncha yake, ikazama. Tundu lenyewe halizidi ukubwa wa shilingi 20, na kuchomelea chasisi ni kazi ambayo kosa lake halijitangazi, basi nimekwenda kwa fundi wa Changamwe ambaye kazi yake naijua. Ameniambia nilete gari Jumatatu, nikwangue mwenyewe kutu yote mpaka chuma cheupe kionekane, na waya za betri na altaneta niwe nimezifungua kabla hajawasha mashine.