Mzazi anayechangia chakula cha shule si adui wa elimu bila ada

Kila Januari shule zinapofunguliwa, ubishi wa michango huanza upya. Wapo wanaosema elimu Tanzania ni bila ada tangu 2016, hivyo mwalimu mkuu anayeitisha kikao kujadili debe la mahindi anakaidi serikali. Na wapo wazazi wenyewe, hasa vijijini, wanaokaa kwenye kikao hicho wakakubaliana mahindi, maharage na hela ya mpishi ili watoto wao wapate uji asubuhi au makande mchana. Hawa wa pili wanasemwa vibaya mno. Wanaitwa vibaraka wa mwalimu, wenye nacho wasiojali wenzao.

Hofu ya wale wa kwanza haikutoka hewani. Watoto wa nchi hii wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya dawati, mlinzi, mtihani wa majaribio. Malipo ya lazima yalipoondolewa, darasa la kwanza la 2016 lilifurika kupita uwezo wa vyumba, ishara kwamba wengi walikuwa wamezuiwa na hela tu. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, na ikaelekezwa kwamba mwenye kutaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri wala mwalimu asishike fedha, kaya nyingi maskini zilipumua.

Lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016, huohuo uliofafanua elimumsingi bila malipo, uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi, pamoja na sare na madaftari. Serikali haikuahidi kumlisha mtoto huyo. Mzazi anayesimama kikaoni na kusema tuchange anatimiza alichoandikiwa.

Tupige hesabu kidogo. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichoanza zama za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa utaratibu uliowekwa, 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 hushuka shuleni. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwezi. Igawe kwa siku 194 za masomo: haifiki shilingi 31 kwa siku kwa mtoto mmoja, na humo humo mna chaki, karatasi za mitihani na bati lililong'oka. Shilingi 31 hainunui hata nusu andazi. Kwa hiyo anayemwambia mwalimu mkuu apikie watoto kwa fedha za ruzuku hajaitazama ruzuku yenyewe, na anayemzuia mzazi kuchanga bila kuonyesha chungu kingine, kwa vitendo anaamua kwamba mtoto ashinde njaa.

Njaa hiyo tunaijua. Mtoto ametoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu mdomoni, ametembea kilomita kadhaa, kufika saa tano kichwa kiko juu ya dawati. Mchana anaambiwa aende nyumbani kula. Nyumbani ni mbali, mama yuko shamba, na akiondoka harudi. Baadaye tunashangaa kwa nini hajui kusoma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ndio hao wanaoingia darasani miaka michache baadaye. Mama anayebeba kilo zake za maharage hadi stoo ya shule ameelewa jambo hili kuliko wengi wanaomkemea.

Kuna jambo moja ambalo upande huu ninaouunga mkono lazima uliache mara moja. Mtoto ambaye kwao hawajatoa debe, akatengwa na foleni huku wenzake wanakula, ameadhibiwa kwa deni asilokopa. Hakuna muhtasari wa kikao unaohalalisha hilo. Kamati ya shule imfuate mzazi, imbane, imsamehe, isuluhishe vyovyote iwezavyo, ila sahani ya mtoto isiguswe. Na hesabu ya magunia ibandikwe ukutani, maana wazazi wengi wanaogoma si wabishi. Walichanga mwaka jana wakaona chakula kimekwisha kabla ya muhula.

Pengo la wasio na uwezo linahitaji mlipaji, na hapo ndipo serikali haiwezi kukaa pembeni. Nairobi, tangu 2023, mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo katika mpango wa Dishi na County, na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na wabia wake. Kwetu halmashauri zinabanwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zinaweza kubanwa vivyo hivyo kutenga fungu, hata dogo, la kuwalipia mlo watoto wa kaya zisizo na uwezo. Kaya hizo hazihitaji kutafutwa upya: orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ipo kwenye ofisi za vijiji, na mwalimu mkuu anaweza kuomba nakala yake kabla kikao cha wazazi hakijapanga kiwango cha mchango.